Tuzibe Ufa Katika Programu ya Kupanga Kurasa



Msimu wa ununuzi wa pamba ufunguliwapo, makarani wa vyama vyetu vya msingi, kutoka Kishapu na Ushetu hadi Mbogwe na Chato, huandika mistari mingi ya hesabu kila jioni. Katika kila mstari mna jina la mkulima, kilo alizoleta, bei, makato, na namba ya akaunti au ya simu itakayopokea fedha zake. Hapo zamani mistari hiyo iliandikwa kwa kalamu juu ya karatasi za kaboni, na kitabu kikafungiwa kabatini. Siku hizi sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa kwa kompyuta. Ile orodha safi ya malipo ambayo meneja huibandika ukutani ili wakulima waisome hupangwa na programu maalumu, ambayo huyanyoosha majina katika safu, ikaweka nembo ya chama juu na nafasi ya sahihi chini.

Programu ya namna hiyo ni programu ya kupanga kurasa. Mara nyingi haimo katika kompyuta ya karani, bali katika seva, yaani kompyuta kuu inayozihudumia kompyuta nyingine za ofisi. Ni mtumishi asiyeonekana wala kusifiwa, na kwa sababu hiyo ni rahisi kumsahau. Makala haya yana neno moja la kusema juu yake: mtumishi huyo huenda ana ufa, ufa huo unaweza kutumiwa kuhamisha fedha za mkulima, na kuuziba ni kazi ya ushirika mzima, wala si ya fundi peke yake.

WARAKA WENYE AMRI NDANI YAKE

Barua iliyopigwa kwa taipureta ni kitu kilichokufa. Ukiisoma, ukiigeuza, ukiifungia sandukuni, haifanyi lolote. Wengi wetu tunadhani kwamba waraka wa kompyuta nao ni vivyo hivyo. Sivyo. Faili linalopelekwa kwenye programu ya kupanga kurasa ni mfululizo wa amri: weka jina hili hapa, nenepesha herufi hizi, piga mstari, fungua faili la nembo ulilete juu ya ukurasa, kokotoa jumla ya safu ya nne. Programu husoma amri moja baada ya nyingine na kuzitekeleza, mpaka ukurasa utimie.

Tutoe mifano miwili inayojulikana duniani. Mwaka 1978 Profesa Donald Knuth wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alitoa programu iitwayo TeX, baada ya kuchukizwa na jinsi kitabu chake kilivyopangwa vibaya na mitambo mipya ya wachapaji. Hadi leo TeX na jamaa zake hutumika kupanga vitabu, majedwali na hati za kila namna. Mmoja wa jamaa hao ni LuaTeX, iliyounganishwa na Lua, lugha ya kuandikia programu iliyotungwa nchini Brazili mwaka 1993. Mfano wa pili ni Ghostscript, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1988 ili kusoma PostScript, lugha ambayo kampuni ya Adobe iliitunga kwa ajili ya kuiambia printa namna ya kuchora ukurasa. Zote mbili hupatikana bila malipo. Ghostscript hasa imo ndani ya mitambo ya kuchapia ya kompyuta nyingi zinazotumia Linux, hata mwenye mashine asijue kuwa anayo.

Sasa basi, mtumishi anayetii kila kilichoandikwa ni hatari asipowekewa mpaka. Tumfikirie mtunza ghala wa chama. Akiletewa hati ya kutolea mali isemayo “toa magunia kumi ya mbegu”, atayatoa. Lakini hati hiyohiyo ikiwa na mstari wa chini usemao “kisha nenda ofisini ukafungue sefu ya mhasibu”, hana budi kukataa, hata kama hati ina muhuri mzuri. Programu za kupanga kurasa nazo zimewekewa mpaka wa namna hiyo. Zinaruhusiwa kupanga ukurasa; haziruhusiwi kuiamuru kompyuta ifanye mambo mengine yasiyohusu ukurasa. Mpaka huo ndio ua wa usalama, na ufa tunaouzungumzia ni tundu katika ua huo.

NYUFA MBILI ZILIZOPATA KUONEKANA

Mwezi Mei 2023 ulitangazwa ufa katika LuaTeX. Watengenezaji wake walikuwa wamejitahidi kuweka ua. Kwa mfano, ile amri ya kuita programu nyingine ndani ya kompyuta walikuwa wameificha, na mahali pake wakaweka amri iliyopunguzwa nguvu. Ni sawa na kumnyang’anya mtunza ghala funguo zote, akaachiwa ule ufunguao milango michache tu. Ikagundulika kwamba ufunguo halisi haukuharibiwa: ulikuwa umewekwa mahali ambapo mwandishi mjanja wa waraka angeweza kuufikia. Kwa hiyo mtu aliyeweza kukuletea waraka wa kupangwa aliweza kuifanya kompyuta yako itekeleze amri yoyote, hata kama ulikuwa umezuia jambo hilo waziwazi.

Ufa huo ulikuwamo katika matoleo ya LuaTeX kuanzia 1.04 hadi 1.16.1, yaliyosambazwa na mkusanyiko wa programu uitwao TeX Live tangu mwaka 2017. Uliishi miaka sita bila kutangazwa. Ulizibwa katika toleo la 1.17.0. Jamaa wengine wa TeX wasiotumia lugha ya Lua hawakuguswa nao.

Mwaka 2024 ikawa zamu ya Ghostscript. Programu hii ina ua wake uitwao SAFER, ambao tangu toleo la 9.50 la mwaka 2019 huwashwa wenyewe bila kuombwa. Hata hivyo sehemu moja ya programu, iliyotengenezwa ili kuhudumia printa za aina nyingi, ilikuwa na kosa lililomwezesha mtu kuuvuka ua huo. Toleo la 10.03.1 lenye kuziba ufa lilitolewa mwezi Mei 2024. Maelezo kamili ya kosa yakachapishwa mwezi Julai. Na mwezi huohuo taarifa za kutumiwa kwake na wahalifu zikaanza kusikika. Ikaonekana pia kwamba waraka wenye hila unaweza kuvalishwa jina la picha. Karani anaona ameletewa picha ya nembo, kumbe programu iliyo nyuma yake inatambua ndani mna amri za PostScript na kumkabidhi Ghostscript azitekeleze.

Tuyaangalie vizuri majira haya. Kati ya siku kiraka kilipotolewa na siku maelezo ya kosa yalipochapishwa ilipita takriban miezi miwili. Aliyeziba ndani ya miezi hiyo alikuwa salama kabla mwizi wa kawaida hajajua pa kupenya. Aliyengoja alibaki na ufa ambao ramani yake imekwisha kubandikwa hadharani. Kiraka kikishatangazwa, kila siku ya kuchelewa ni faida ya mwizi.

JUMLA HAIBADILIKI

Huenda mtu akauliza: programu ya kupanga kurasa ina uhusiano gani na fedha zangu? Na tuchukue ofisi moja ya kubuni, iliyo na seva moja. Seva hiyo hufanya kazi tatu: hupanga hati zote za ofisi, hutunza daftari la wanachama, na huandaa faili la malipo linalopelekwa benki. Kazi zote tatu hufanywa kwa jina moja la mtumiaji, kwa kuwa fundi aliyeisimika aliona hivyo ni rahisi. Siku moja inaletwa kwa barua pepe nembo ya mgeni anayetaka kuendesha semina, na ombi kwamba iwekwe juu ya tangazo. Karani anaiingiza. Tangazo linatoka vizuri kabisa. Wakati uleule amri iliyofichwa ndani ya nembo imekwisha kutekelezwa, kwa mamlaka yote aliyonayo yule mtumiaji mmoja.

Mwizi mjinga angefuta kila kitu, nasi tungejua asubuhi. Mwizi mwerevu atabadili namba za akaunti za wakulima kumi na wawili tu. Kilo zitabaki zilezile. Bei itabaki ileile. Jumla ya shilingi haitabadilika hata senti. Mhasibu akijumlisha mara tatu atapata sawasawa mara tatu. Orodha ya ukutani itaonyesha majina sahihi na kiasi sahihi, kwa kuwa namba za akaunti hazibandikwi ukutani. Kosa litajulikana siku mama wa Kishapu aliyeuza choroko, au mzee wa Nyang’hwale aliyeuza pamba, atakapokwenda kuchukua fedha za karo na kukuta hakuna kitu. Lawama zitamwangukia karani, kisha meneja, na mwishowe ushirika wenyewe. Na mkulima atasema afadhali angeuza kwa mchuuzi wa barabarani aliyempa fedha mkononi.

Yafaa ieleweke kwamba hatusemi mifumo ya taifa ya ushirika, kama vile MUVU wa Tume ya Maendeleo ya Ushirika, ina kasoro hiyo. Tunazungumzia mashine zilizomo ofisini mwetu, tulizozinunua au kupewa sisi wenyewe, na ambazo hakuna mwingine atakayezikagua kwa niaba yetu.

MFANO WA MIZANI

Ushirika wa pamba katika nchi ya Usukuma ulianzia kwenye mizani. Miaka ya mwanzo ya 1950 wakulima waliona kuwa wanapunjwa na wanunuzi, nao wakaweka wapimaji wao wenyewe kusimama kando ya mizani na kuhakikisha uzito. Kutokana na juhudi hizo, zilizoongozwa na akina Paul Bomani, mwaka 1955 likaundwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, lililokuja kuwa miongoni mwa mashirika makubwa ya ushirika barani Afrika. Vyama vikuu vilivunjwa mwaka 1976. Sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha, na katika miaka iliyofuata vyama vikuu vya mikoa vikaandikishwa upya. Katika mageuzi yote hayo somo la mizani halikubadilika: chombo kinachopima mali ya mwanachama hakiaminiwi kwa sababu kinang’aa. Kinaaminiwa kwa sababu kimekaguliwa.

Ndiyo maana hadi leo Wakala wa Vipimo hukagua mizani za kununulia mazao na kuzipiga chapa. Hakuna meneja atakayesema, “Mizani hii ilikaguliwa tulipoinunua miaka sita iliyopita, inatosha.” Wenzetu wachimbaji wadogo katika ukanda wa dhahabu wa Geita nao wanalijua jambo hili kwa namna yao. Mchimbaji mwenye akili haingii duarani kwa sababu matimba yalikuwa imara mwaka juzi. Huyagonga kwanza, huyatazama, na lililooza hulibadilisha. Mti haupigi kelele unapooza. Programu nayo haitoi sauti inapopatikana na ufa. Itaendelea kupanga kurasa vizuri kama jana.

NAMNA YA KUZIBA

Kuziba ufa wa programu ni kuweka kiraka, yaani sehemu mpya iliyoandikwa na watengenezaji ili kuchukua mahali pa ile yenye kosa. Kazi yenyewe yaweza kumalizika kwa saa moja. Lakini hufuata taratibu, na taratibu hizo meneja hana budi kuzifahamu hata kama hatazitenda kwa mkono wake.

Kwanza, ijulikane kilichomo. Chama hakiwezi kukagua mizani ambayo hakijui kuwa inayo. Fundi aandike orodha ya programu zote za seva pamoja na namba za matoleo yake. Amri ya luatex --version itaonyesha toleo la LuaTeX. Amri ya gs --version itaonyesha la Ghostscript. Orodha hiyo iwekwe katika jalada la ofisi, isibaki kichwani mwa fundi.

Pili, namba ya toleo isomwe kwa busara. Wasambazaji wa Linux, kama vile Debian na Ubuntu, mara nyingi hawabadilishi toleo zima. Huchukua kiraka peke yake na kukishona katika toleo la zamani, ili mambo mengine yasivurugike. Kwa hiyo seva inaweza kuonyesha namba ya zamani ilhali ufa umekwisha kuzibwa. Kinachohakikisha ni taarifa ya usalama ya msambazaji, inayotaja ni kifurushi kipi kimeziba ufa upi. Kinyume chake pia ni kweli: msambazaji akiacha kuhudumia toleo la mfumo, viraka haviji tena kwa njia ya kawaida, hata ukingoja mwaka mzima. Mashine ya namna hiyo huhitaji kuhamishiwa toleo linalohudumiwa.

Tatu, iwekwe nakala ya akiba kabla ya kugusa chochote, na nakala hiyo itunzwe nje ya seva. Nakala iliyomo ndani ya mashine ileile ni sawa na kuweka ufunguo wa akiba ndani ya nyumba iliyofungwa.

Nne, uchaguliwe wakati. Isifanywe mchana wa siku ya malipo, wakulima wakiwa wamepanga foleni; wala isiahirishwe mpaka msimu uishe, maana msimu ndio wakati wa mwizi. Jioni baada ya kufunga hesabu yafaa. Seva iwe na betri ya akiba, kwani umeme ukikatika katikati ya kazi programu yaweza kubaki nusu mpya nusu ya zamani, ikashindwa kuamka.

Tano, kiraka kichukuliwe kwa mwenyewe. Kichotwe katika hazina rasmi ya msambazaji, ambayo hukipiga kila kifurushi muhuri wa kielektroniki, na kompyuta huukagua muhuri huo kabla ya kukipokea. Kiraka kilicholetwa na rafiki kwenye kifaa cha mkononi, au kilichotumwa kwa barua pepe yenye maneno ya haraka haraka, kisipokelewe. Mwizi naye anajua kushona viraka.

Sita, kazi ijaribiwe. Mkaguzi wa mizani huweka juu yake jiwe ambalo uzito wake unajulikana. Sisi nasi tuwe na ukurasa wetu wa jiwe: orodha ya mfano yenye majina ya kubuni, tunayojua jinsi inavyopaswa kutoka. Baada ya kuweka kiraka ipangwe orodha hiyo na kulinganishwa na ile ya zamani, safu kwa safu. Kisha huduma zinazotumia programu hiyo ziwashwe upya, kwa kuwa huduma iliyokuwa ikiendelea yaweza kubaki na ile sehemu ya zamani katika kumbukumbu yake ingawa diskini imekwisha kubadilishwa.

Saba, iandikwe daftarini: tarehe, kilichozibwa, aliyefanya, aliyeshuhudia.

Pamoja na hayo ziko hatua zinazopunguza hasara hata pale ufa usiojulikana bado unapokuwapo. Programu ya kupanga kurasa iendeshwe kwa jina la mtumiaji asiyeweza kugusa daftari la wanachama wala faili la malipo. Ikiwezekana iwe katika mashine yake peke yake, isiyo na njia ya kutoka kwenda kwenye intaneti. Mafaili ya wageni, yakiwamo ya picha, yasipangwe katika mashine iandaayo malipo. Na kabla faili la malipo halijaenda benki, karani wa chama cha msingi alinganishe namba chache za akaunti, zilizochaguliwa bila mpango, na zile zilizomo katika fomu za karatasi zenye sahihi ya mkulima. Dakika kumi za kazi hii huvumbua kosa ambalo jumla haiwezi kulivumbua.

Jambo la mwisho katika sehemu hii halina budi kusisitizwa. Kiraka huziba ufa. Hakimtoi mwizi aliyekwisha kuingia. Iwapo seva ilikaa na ufa kwa muda mrefu, fundi apitie kumbukumbu za mashine atafute watumiaji wasiojulikana na kazi zilizoendeshwa usiku wa manane, na maneno yote ya siri yabadilishwe.

VISINGIZIO TUNAVYOVISIKIA

Kisingizio cha kwanza ni hiki: mashine inafanya kazi, kwa nini tuiguse? Kina ukweli kidogo, kwa sababu kiraka chaweza kuvuruga mpangilio wa kurasa. Lakini hiyo ndiyo kazi ya nakala ya akiba na ukurasa wa jiwe. Orodha iliyopinda safu hutengenezwa kwa asubuhi moja. Imani ya wakulima ikipinda huchukua misimu mingi.

Kisingizio cha pili: sisi ni wadogo, nani huko duniani atatujua? Mwizi wa kompyuta hana haja ya kutujua. Huandika programu inayobisha hodi kwenye maelfu ya mashine, usiku na mchana, ikitafuta yenye ufa. Haiulizi kama mlango ni wa benki ya London au wa ofisi ya Bukombe.

Kisingizio cha tatu: intaneti ni ghali, na vyama vyetu havina fedha. Hapa ndipo ushirika unapoonyesha maana yake. Viraka vyaweza kuchukuliwa mara moja na Chama Kikuu, vikakaguliwa mihuri, vikawekwa katika mashine moja ambayo vyama vingine vitachota kwayo. Fundi mmoja anaweza kuajiriwa na vyama kadhaa kwa zamu, kama vile vyama vinavyochangia lori la kubebea pamba. Na pale ambapo chama kina kompyuta moja tu, wala hakina seva, swali la kumwuliza mtoa huduma wake ni lilelile: programu inayopanga hati zetu ilikaguliwa lini?

SHERIA NA WAJIBU

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, mwezi uleule ufa wa LuaTeX ulipotangazwa. Sheria hiyo inamtaka kila anayekusanya taarifa za watu kuzilinda zisivuje wala zisibadilishwe bila idhini, na inataka Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ijulishwe pale usalama wa taarifa unapovunjwa. Jina, simu na akaunti ya mkulima ni taarifa binafsi. Chama kinachoziweka ndicho kitakachoulizwa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 nayo inamhesabu kuwa mkosaji mtu anayeingia katika kompyuta ya mwingine pasipo ruhusa. Lakini sheria humfuata mwizi baada ya wizi, na mkulima hali chakula cha hukumu.

Kwa hiyo wajibu ugawanywe waziwazi. Fundi afuatilie matangazo ya usalama na kuweka viraka. Meneja ampe muda, vifaa na ruhusa ya maandishi, wala asimwambie “ngoja kwanza” mwezi baada ya mwezi. Bodi iulize. Ni bodi ambayo huidhinisha fedha za betri ya akiba na za fundi, na ni bodi itakayosimama mbele ya mkutano mkuu kueleza fedha zilikokwenda. Mwanachama naye ana haki ya kuuliza, kama baba yake alivyokuwa na haki ya kusimama kando ya mizani.

Tunapendekeza kwamba katika kikao cha bodi kitakachotangulia ufunguzi wa msimu, kila chama kiweke katika ajenda maswali matatu, na majibu yake yaandikwe katika muhtasari. Programu zetu za kupanga na kuchapa hati ni zipi, na ni za toleo gani? Kiraka cha mwisho kiliwekwa tarehe ngapi, na nani alishuhudia? Je, jina la mtumiaji linaloendesha programu hizo linaweza kugusa faili la malipo?

Chama kitakachoweza kuyajibu yote matatu kiko katika hali njema. Kitakachoshindwa hata moja kisione haya, bali kianze kazi jioni ileile. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta huu, ukianguka, utaujenga mkulima kwa pamba yake.